Jee, Umeme Wafaa Kupigwa Picha?

Ndugu msomaji, mvua ya masika haina saa. Yaweza kuja alasiri watu wakiwa sokoni, na yaweza kuja usiku watu wamekwisha sali Isha na kufunga milango. Ikija usiku pamoja na ngurumo, utawaona watu wa namna tatu majumbani mwetu. Yuko mzee ambaye huketi kitandani akavuta tasbihi. Yuko ambaye huzunguka nyumba nzima akifunika vioo kwa kanga. Na siku hizi yuko wa tatu, naye ni kijana, ambaye huchukua kamera yake au simu yake akapanda juu kwenda kuupiga picha umeme.

Huyu wa tatu ndiye nitakaye kuzungumza nawe habari zake leo, kwani alitoka katika nyumba yangu mwenyewe, na usiku ule nilimtendea jambo ambalo mpaka sasa nalionea haya.

Ni mtoto wa dada yangu. Nilimkuta juu ya sakafu ya nyumba, ameiweka kamera yake juu ya miguu mitatu ya chuma, naye amesimama kando yake. Mvua ilikuwa haijatufikia, lakini upepo ulikuwa umekwisha geuka, na upande wa bahari mbingu ilikuwa ikifunguka na kufumba. Nikampigia kelele, "Teremka! Hilo ulifanyalo ni haramu!" Akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, niwie radhi, haramu kwa dalili gani?" Sikuwa na jibu. Nikalirudia neno lile lile, kwa sauti kubwa zaidi. Akakusanya vyombo vyake akateremka, wala hakunitazama usoni.

Kumteremsha nilikuwa na haki, nami nitakueleza kwa nini. Lakini lile neno nililomteremshia halikuwa haki.

HARAMU KWA DALILI GANI?

Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Surat An-Nahl, tusiziache ndimi zetu zikapanga uwongo kwa kusema hiki ni halali na hiki ni haramu. Sisi wazee hukisoma kisomo hiki tukadhani chawahusu watu wengine. Kumbe twakivunja majumbani mwetu kila siku. Mtoto akifanya jambo linalotutia khofu, au linalotuudhi tu, hatusemi "naogopa" wala "sipendi". Twasema "haramu", kwani neno hilo halitaki maelezo. Basi mtoto akikua akagundua kwamba nusu ya haramu alizotajiwa zilikuwa ni khofu za mjomba wake, ataziangaliaje zile haramu za kweli?

Baada ya usiku ule nilivirudia vitabu. Khitilafu ya wanavyuoni juu ya picha ni kubwa, nawe waijua. Lakini khitilafu hiyo ni juu ya picha za vyenye roho. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja aliyekuwa akila kwa kazi ya kuchora sura alimwendea Ibn Abbas (r.a.), naye akamnasihi kwamba, ikiwa hana budi na kazi yake, basi na achore miti na kila kisicho na roho. Na juu ya picha za kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, aliandika risala nzima ya kuonyesha kwamba kamera haiumbi sura bali yazuia kivuli tu cha kitu kilichokwisha umbwa. Wako waliomkubali na wako waliomkataa. Lakini umeme hauna roho, kwa hivyo hata wale wakali hawana la kumwambia kijana wangu kwa upande huu.

Ikabaki ile khofu nyingine, ambayo haimo vitabuni ila imo majumbani: kwamba kamera huuita umeme, kama vile kioo kisemwavyo kuuita, au nguo nyekundu. Haya hayana asili, si katika dini wala katika elimu. Radi hutafuta njia ya kufikia ardhi, na kwa kawaida huipata kwa kile kilichoinuka kuliko vilivyo jirani nacho, kama mnazi, mnara, mlingoti, au mtu aliyesimama peke yake juu ya sakafu. Kioo kilichomo chumbani hakina habari naye. Mwenye kufunika vioo vyote kisha akamwacha mtoto wake akicheza chini ya mwembe amekilinda kisicho na hatari, na kilicho na hatari amekiacha.

UMEME TWAONYESHWA KWA AJILI GANI?

Basi tuuendee msingi wa jambo. Katika Qur'ani Tukufu umeme umetajwa kuwa ni kitu ambacho Mwenyezi Mungu hutuonyesha. Zingatia neno hilo, ndugu yangu. Hakusema kwamba unatupitia tu. Katika Surat Ar-Ra'd na katika Surat Ar-Rum twaambiwa kwamba twaonyeshwa umeme ili tuingiwe na khofu na tumaini pamoja. Na ile aya ya Surat Ar-Rum haikuishia hapo. Baada ya kutaja mvua inayoihuisha ardhi iliyokufa, imekhitimisha kwa kusema kwamba katika hayo mna ishara kwa watu wenye kutumia akili.

Kitu kikionyeshwa, mwenye kufumba macho amekosa adabu kwa aliyemwonyesha. Kwa hivyo yule mwenye kujifunika shuka gubigubi hakufanya lililo bora zaidi kuliko yule aliyekwenda kutazama. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, ilipomnyea mvua, aliifunua nguo yake kidogo mwilini ili mvua imguse, akaeleza kuwa mvua ile ni mpya, imetoka kwa Mola wake sasa hivi. Hakuikimbia. Lakini ni huyo huyo Mtume ambaye alipoona mawingu mazito au upepo, uso wake ulikuwa ukibadilika. Bibi Aisha (r.a.) alimwuliza, mbona watu wakiyaona mawingu hufurahi, naye huonekana kuchukiwa? Akamjibu kwamba hana amani na kuwa ndani yake hamna adhabu, kwani kina Adi waliliona wingu lao wakafurahi, wakidhani lawaletea mvua.

Tazama basi, kwa mtu mmoja yule yule, tumaini lilimtoa nje akaguswa na mvua, na khofu ikambadilisha uso. Swali letu si kama umeme wafaa kupigwa picha. Swali ni kama huyo mwenye kupiga picha amebaki na akili yake, na khofu yake, na tumaini lake, au amebaki na kamera tu.

AKILI

Kwa upande wa akili nakiri kwamba kamera imetufaa sana. Kwa miaka mingi wachoraji wa Ulaya walikuwa wakiuchora umeme kama msumeno, mstari uendao huku ukavunjika, ukarudi kule ukavunjika. Watu wakaamini kuwa ndivyo ulivyo, ingawa umeme wenyewe walikuwa wakiuona kila mwaka. Huko Philadelphia, Marekani, mpiga picha mmoja aitwaye William Jennings alilitilia shaka jambo hili, na tarehe 2 Septemba 1882 akafaulu kuunasa umeme. Yeye huhisabiwa miongoni mwa watu wa mwanzo waliofanya hivyo. Picha zake hazikuwa na msumeno ndani yake. Zilionyesha kitu kama mto na vijito vyake, au kama mti uliopinduliwa, mizizi juu na matawi chini.

Baadaye, katika miaka ya 1930, mtaalamu mmoja wa Afrika ya Kusini, Basil Schonland, alitumia kamera ya namna ya peke yake iliyobuniwa na Mwingereza Charles Vernon Boys, ambayo lenzi zake zilikuwa zikizunguka upesi. Kwa kamera hiyo iliweza kuonekana kwamba umeme hauteremki kwa mruko mmoja. Huja kutoka mawinguni kwa hatua, kila hatua kama mita 50, ukasita kidogo, ukapiga hatua nyingine. Ukikaribia ardhi na njia ikaungana, hapo ndipo mng'aro mkubwa hupanda kutoka chini kwenda juu kwa njia ile ile. Ule mwangaza mkali ambao mimi na wewe twaapa kuwa tumeuona ukishuka, kwa hakika ulikuwa ukipanda.

Mimi nilipoyasoma haya nilimsabihi Mola wangu zaidi kuliko siku zote nilizojifunika shuka. Jambo la kawaida kabisa, ambalo mababu zetu wote wameliona kwa macho yao, na macho yao yote yakawapotoa! Basi ikiwa jicho laweza kukosea juu ya kitu king'aacho namna ile, mtu na awe mpole anaposhuhudia juu ya mwenziwe kwa kusema "nimemwona kwa macho yangu".

Kwa hivyo kijana akikuomba ruhusa ya kuupiga picha umeme, usimcheke. Ataka kutazama, na katika kutazama mna ibada kwa mwenye nia. Wala kazi yenyewe si ya pupa. Mkono wa binadamu hauwezi kushindana na umeme, ambao kwa kawaida haumalizi hata nusu ya sekunde. Mpigaji huielekeza kamera upande wa mawingu, akaufungua mlango wake gizani kwa sekunde 10 au 20, akangoja. Umeme ukija hujiandika wenyewe. Usipokuja, hufunga akaanza tena. Yeye hana alifanyalo ila kusubiri ajaliwe. Wangapi katika sisi twaweza kukaa kimya nusu saa, macho yetu mbinguni?

KHOFU

Lakini akili bila ya khofu humwangamiza mwenyewe. Kijana wangu nilipozungumza naye baadaye aliniambia, "Mjomba, siku yangu kama haijafika, radi haitanichukua." Maneno haya yana sura ya imani, na vijana wengi huyasema. Nami nikamtajia safari ya Sayyidna Umar (r.a.) kwenda Sham. Alipofika njiani aliambiwa kuwa huko mna tauni, akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba naam, waikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Basi sakafu ni kadari na chumba ni kadari, nawe umepewa miguu ya kutoka hapa kwenda pale.

Imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu asilale juu ya sakafu isiyo na kizuizi. Ikiwa ametuchungia tusianguke usingizini, jee, angemridhia mtu asimame juu ya sakafu hiyo kando ya chuma, na radi iko karibu? Mwili huu ni amana. Mwenye amana haichezi kamari kwa ajili ya picha.

Sisi watu wa pwani radi zetu si nyingi kama za bara, na kwa ajili hiyo twazidharau. Wenzetu wa upande wa maziwa makuu wazijua. Katika hisabu iliyotolewa mwaka 2016 kutokana na vyombo vya angani, mahali panapomulikwa na umeme zaidi duniani ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela, na pa pili ni Kabare, mashariki ya Kongo, ambapo huhisabiwa miale kama 205 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Na mwaka 2011, huko Kiryandongo, Uganda, radi ilipiga skuli ya msingi ya Runyanya na wanafunzi 18 wakafariki. Yuko mtu atakayethubutu kusema kuwa watoto wale walipigwa kwa dhambi zao, au kwa uchawi? Mwenyezi Mungu huzipeleka radi zikampata amtakaye, nasi hatukupewa kazi ya kuwahukumu waliopatwa. Kazi tuliyopewa ni kuwalinda waliobaki.

Kwa hivyo mfundishe kijana wako haya, nayo ni mepesi. Akiuona umeme na ahisabu sekunde mpaka asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya sekunde 30, radi iko karibu ya kutosha kumfikia, hata kama juu yake nyota zaonekana. Basi na aingie ndani, na asitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usiku ule juu ya sakafu yetu nilihisabu tano. Kibanda wazi cha makuti hakimhifadhi, wala mti. Nyumba ya mawe iliyo kamili humhifadhi, ila asiguse mifereji ya maji wala vyombo vilivyotiwa kwenye umeme wa nyumba. Na picha hupigika kutoka ndani, kamera juu ya meza, mbele ya dirisha. Na Mungu apishe mbali, mtu akipigwa na radi, msiogope kumgusa, kwani mwilini mwake hamkubaki umeme. Wako watu ambao moyo wao ulisimama tu, na wangeweza kuokolewa kwa kubonyezwa kifua na kupuliziwa pumzi, lakini watu waliwaacha wakiwaogopa.

TUMAINI NA TAMAA

Limebaki tumaini. Katika lugha yetu hii ya Kiswahili neno tamaa lina nyuso mbili. Yako matamanio ya mja kwa rehema ya Mola wake, na iko tamaa ile ambayo mbele yake ni mauti, nyuma yake ni mauti.

Umeme waleta tumaini kweli. Nyuma yake mna mvua, na visima, na mashamba. Hata moto wake wenyewe mna kheri ndani yake, kwani joto lile, ambalo hufika digrii kama 30,000, huziunganisha hewa mbili, na kwa mvua huteremka ardhini kitu ambacho mimea hukila. Mkulima haoni ila mahindi yamekuwa kijani.

Lakini kijana anayepanda juu usiku akitaka picha ambayo rafikiye hana, ili kabla ya alfajiri watu mia wamsifu katika simu zao, huyo tamaa yake ni ile ya pili. Haitazami mbingu. Watazamwa yeye. Katika Surat Al-Baqarah mna mfano wa watu walio katika giza na ngurumo, ambao umeme ukiwamulikia hutembea, na ukizima husimama. Mfano huo umepigwa kwa wanafiki. Nasi na tujiangalie, tusije tukawa watu wa kutembea pale tu tunapomulikwa na macho ya watu.

Sasa nikumalizie habari ya usiku ule. Kijana aliketi barazani akizitazama picha zake katika kamera, nami chumbani nimenuna. Mama yangu, ambaye ndiye bibi yake, akamwita, "Njoo, mwanangu, nionyeshe." Akampelekea picha moja aliyoiona kuwa bora kuliko zote. Umeme ulikuwa umeshuka juu ya bahari, matawi yake yameenea mbingu nzima, na bahari yote imekuwa nyeupe. Nami nikasogea nikachungulia. Nikasema, "Subhanallah." Kijana akatabasamu.

Bibi aliishika kamera ile karibu na macho yake kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole pembeni, chini, mahali ambapo sisi hatukutazama, penye kitone cha mwangaza mwekundu. Akauliza, "Na hawa wamerudi?"

Ilikuwa ni taa ya chombo cha wavuvi.

Hakuna katika sisi aliyeweza kumjibu. Mimi nilikuwa nimeshughulika na haramu zangu, na yeye kijana na uzuri wa picha yake. Chini ya uzuri ule mlikuwa na watu, mlingoti wao ndio kitu kilichoinuka peke yake katika bahari nzima, na majumbani kwao walikuwako wake zao na watoto wao wakihisabu ngurumo. Bibi, ambaye hajui kamera wala hisabu za sekunde, ndiye peke yake aliyeitazama picha ile kama ilivyotakiwa itazamwe. Aliogopa kwa ajili ya wengine, akatumai kwa ajili ya wengine, na akili yake ikamfikisha penye watu.

Hatukulala vizuri. Baada ya sala ya Alfajiri nilikwenda ufukoni pamoja na kijana wangu. Chombo kilikuwa kimefika, alhamdulillahi, tanga limechanika, na wenyewe wameroa lakini ni wazima. Tulipokuwa tukirudi nilimwambia, "Mwanangu, jana nilikwambia haramu kwa jambo nisilolijua. Nisamehe. Ningalikwambia kwamba nakuogopea, na hilo ndilo lililokuwa kweli." Akanishika mkono akaubusu.

Siku hizi mvua ikija hupiga picha zake dirishani. Na kabla ya kuiangalia ile miale, huzikagua kwanza pembe za chini.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa wewe ndiye mzee wa nyumba, usiuzibe mdomo wa mtoto kwa neno la Mungu ambalo Mungu hakulisema. Mwambie khofu yako kwa jina lake. Na ukiwa wewe ndiye kijana, tazama, kwani umeonyeshwa ili utazame. Lakini tazama ukiwa mahali pa salama, na uache moyo wako ubadilike kama ulivyobadilika uso wa mbora wa viumbe, na kabla ya kumwonyesha mtu picha yako, uliza kama kuna aliyekuwa chini ya umeme ule.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie mvua zetu ziwe za rehema na zisiwe za adhabu, awarejeshe salama walioko baharini, na azifumbue akili zetu kwa ishara zake. Amin.